MOMBO: TAA YA NJANO, DIFU LA NYUMA NA MZEE MWENYE BALBU

KAMA wewe ni mtoto wa mjini na Mombo unaijua kwa kupitia dirisha la basi tu, pale unaposhushwa dakika ishirini ule chipsi kuku, ukimbilie maliwato, kisha konda aanze kuwapigia honi kama mna deni lake, basi nakwambia bado hujaijua Mombo!

Wiki hii, mpenzi msomaji, sikupeleki ufukweni wala disko. Nakupeleka Usambara, kwa Wasambaa, kwenye baridi na kabichi. Ila kabla hatujaupanda mlima tutakaa kwanza hapo Mombo siku moja na nusu, maana hapo ndipo nilipojifunza jambo moja ambalo kila mwenye gari, na kila mwenye ndoto ya kuwa nalo, anapaswa kulijua. Tulia, hadithi inakuja.

Mombo ni mji wa njia panda. Unatoka Dar, unapita Chalinze, ukifika Segera unawaachia wa Tanga njia yao, unaipita Korogwe na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari kama askari wa gwaride, halafu mkono wa kulia milima inaanza kukusogelea polepole. Ukifika Mombo imeshakusimamia kichwani. Barabara kubwa inaendelea zake Same na Moshi, na ndogo inakata kulia, inaparamia ukuta wa mlima mpaka Soni na Lushoto.

Ni kilometa 33 tu kutoka njia panda hadi Lushoto, lakini ni nchi mbili tofauti. Mombo joto linakukaba mpaka unatamani kutembea kifua wazi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jioni unatafuta sweta. Ndiyo maana Wajerumani walipapenda, wakapaita Wilhelmstal, wakajenga nyumba zao za mawe na kujifanya wako kwao.

SAFARI YENYEWE

Sisi tulikuwa wawili. Mimi na mshikaji wangu mmoja, Msambaa wa damu ingawa amekulia Magomeni. Kwao ni kule juu kabisa, upande wa Sunga, karibu na Mtae, mlima unakoishia ghafla na chini ukaona mbuga imetandazwa kama mkeka. Kutoka Lushoto mpaka kule ni kama kilometa 60 za kona, na lami haikufikishi mwisho.

Hatukwenda kutalii. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia limeshafunga na la kushoto linafuata. Miadi yake ya kufanyiwa upasuaji ilikuwa Jumatatu asubuhi, Moshi. Magoti yalikuwa yanamsumbua, mambo ya kubanana kwenye basi hayawezi. Basi mpango ukawa huu: Ijumaa tunatoka Dar, Jumamosi tunapanda mlimani, Jumapili tunamshusha bi mkubwa mpaka Moshi, Jumatatu daktari. Ndugu walichanga, mshikaji akatia na chake, ikapatikana milioni moja na laki moja. Zikawekwa kwenye bahasha, bahasha kwenye begi, begi chini ya kiti.

Ilikuwa mwezi wa nne. Masika, bwana! Ndiyo maana hatukuazima gari la chini. Tulikwenda na gari lake mwenyewe, fowili ndogo ya Kijapani, zile ambazo siku hizi zimejaa mjini kama bajaji. Jina la kampuni nalihifadhi maana, kama utakavyoona, kosa halikuwa la kampuni.

Mambo yalikuwa bomba mpaka tulipoiacha Korogwe. Tukaruka tuta moja la nguvu, na hapo hapo kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano, imeandikwa 4WD, inapepesa kama inatukonyeza.

Sasa ubaya wa taa hii ni kwamba gari halibadiliki kitu. Halina mlio, halina moshi, linakwenda vilevile. Mwenye haraka zake anaweza kuizoea kama alivyozoea kelele za mpangaji mwenzake. Kwenye lami kavu hutajua kitu. Utajua ukishafika kwenye utelezi wa mlimani, magari mengine yanapita kwa tabu, na wewe matairi ya mbele yanachimba kaburi huku ya nyuma yametulia kama wageni waalikwa.

'BRAZA, HILO DIFU LIMEKUFA'

Tukaingia Mombo saa tisa alasiri. Tukasimama kwenye gereji ya kwanza kuiona. Kijana wa pale, ovaroli imelowa oili mpaka inang'aa, akachungulia chini, akapiga nyundo mara mbili, akatoka.

"Braza, hilo difu limekufa. Yaani hapo ni kulitoa lote, na kile kidude chake cha mbele. Mtumba wake Dar unapata kwa laki tisa. Kesho likiingia na basi, kesho kutwa jioni mnaondoka."

Laki tisa! Nikamwona mshikaji anatazama begi. Hakusema neno, lakini mimi nilikuwa nasikia hesabu zinavyopigwa kichwani mwake. Milioni moja na laki moja utoe laki tisa. Jicho la mama lina thamani gani? Na bila gari mama anashukaje? Akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya jamaa yake wa Ilala anayeuza spea.

Aliyetuokoa si fundi. Ni mama aliyekuwa anatuuzia wali maharage kando ya gereji. Alikuwa anasikiliza yote huku anapuliza moto. Akasema taratibu, bila hata kutuangalia: "Wanangu, kabla hamjauza ng'ombe, mwoneni kwanza mzee wa redio."

Mzee wa redio ndiye fundi umeme wa magari. Jina limembakia kwa sababu ujana wake wote alitengeneza redio, mpaka redio zenyewe zikawa hazina wa kuzitengeneza. Kibanda chake kiko chini ya mwembe, ndani kuna betri moja, kabati la droo ndogondogo na ukimya mwingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Kaeni. Gari itasema yenyewe."

MASWALI KWANZA, SPANA BAADAYE

Mimi nilitegemea mzee atachukua spana. Wapi! Alichukua kigoda, akakaa, akaanza kutuhoji kama yuko mahakamani. Taa iliwaka lini? Mlikuwa mnafanya nini wakati ule? Mkizima gari na kuwasha tena inarudi? Matairi yote ni saizi moja? Kuna mtu amefanya kazi chini ya gari miezi ya karibuni?

Tukamjibu. Iliwaka baada ya tuta. Ukizima na kuwasha inapotea, kisha barabara ikiwa mbaya inarudi. Matairi ni saizi moja. Na ndiyo, mwezi mmoja nyuma gari lilibadilishwa bushi za nyuma kwenye gereji moja huko mjini.

Mzee akatabasamu. "Chuma kikivunjika hakiponi kwa kuzungusha ufunguo. Hii inakufa na kufufuka. Kinachokufa na kufufuka, mara nyingi ni umeme."

Msomaji, sentensi hiyo ndiyo iliyoliokoa jicho la mtu. Endelea kunisoma.

HILI DUDE LINAFANYAJE KAZI?

Nikupe darasa dogo kama nilivyopewa mimi, tena bure.

Hizi fowili ndogo za kisasa, chukulia RAV4 za kuanzia mwaka 2006 au X-Trail zilizoanza mwaka 2000, si kama Land Cruiser ya shamba. Siku za kawaida nguvu karibu yote inakwenda matairi ya mbele. Kuna propela inayotoka mbele mpaka nyuma, lakini haishiki difu moja kwa moja. Katikati yao, puani mwa difu, kumekaa kidude cha duara ambacho ndani yake mna klachi na koili ya waya, yaani sumaku ya umeme.

Kompyuta ya gari inasikiliza mwendo wa kila tairi. Ikiona ya mbele yanateleza inapeleka umeme kwenye ile koili. Koili ikiwa sumaku, inavuta klachi ndogo, klachi ndogo inaibana klachi kubwa, na hapo propela na difu vinashikana. Matairi ya nyuma yanaamka, yanasukuma. Umeme mwingi, yanashikana sana. Umeme kidogo, yanashikana kidogo. Ukikata umeme, yanaachiana. Nyingi zina kitufe cha LOCK cha kulazimisha kushikana. Kwenye RAV4 hiyo, ukizidisha kilometa 40 kwa saa kinajiachia chenyewe.

Usichanganye na ile difu loku ya Land Cruiser. Ile inafunga matairi mawili ya ekseli moja yazunguke sawasawa. Ni mambo mengine kabisa, ingawa nayo kwenye modeli nyingi inaendeshwa kwa mota ya umeme na waya zinazopita kwenye tope lilelile.

Sasa umeshaelewa? Koili hiyo ikikosa umeme, fowili huna. Na umeme unaweza kukosekana kwa sababu nne tano hivi: fyuzi, kompyuta, soketi, waya, au koili yenyewe. Katika hizo zote, ya bei mbaya ni kompyuta na koili. Yule kijana wa gereji ya kwanza aliruka moja kwa moja kwenye bei mbaya. Si lazima awe tapeli. Wengi wamefundishwa kubadilisha, hawajafundishwa kutafuta.

MASHINE INATAJA MTAA

Mpwa wa mzee ana mashine ya kupimia gari. Mshikaji naye alikuwa na kile kidude cha bei poa unachochomeka na kusoma kwenye simu, lakini vidude vile vingi vinasoma injini tu. Mambo ya fowili havigusi, vinakwambia gari zima huku taa inawaka mbele ya macho yako. Ya yule mpwa inaingia mpaka kwenye kompyuta ya fowili. Ikaandika kwamba kuna hitilafu kwenye njia ya umeme ya ile koili.

Mshikaji akaruka: "Si ndiyo yaleyale? Koili imekufa!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mashine inakutajia mtaa. Haikutajii nyumba. Imesema NJIA ya koili. Njia ni ndefu, inaanzia kwenye kompyuta, inapita chini ya zulia, inatoboa bodi, inatambaa huko chini mpaka kwenye difu. Tuitembee."

Akaanza kuitembea. Fyuzi kwanza, tena hakuiangalia kwa macho, aliipima. Nzima. Kisha gari likapandishwa kwenye stendi nne imara, injini imezimwa. Hapa mzee alitukemea tusije tukajaribu ujinga wa kunyanyua nyuma peke yake halafu kuwasha na kutia gia. Gari la namna hii matairi ya mbele yako chini, likishika linaruka jeki na kukuua. Uliweke hilo akilini.

Akaingia chini kwa mgongo, juu ya katoni. Akachomoa soketi ya koili. Akaweka testa. Koili hizi huwa ni ohm chache tu, mbili tatu hivi, na kipimo kamili kipo kwenye kitabu cha gari husika. Ikasoma ohm mbili na ushee. Akapima kila mguu wa koili na bodi ya gari kuona kama umeme unavujia ethi. Hakuna.

Akatoa kichwa nje. "Difu lako zima, baba. Kidude chake kizima. Rudisha simu mfukoni."

Nikamwona mshikaji anavuta pumzi kama ametoka kupiga mbizi.

MCHEZO WA BALBU

Ila kasheshe ikabaki palepale, maana mzee alipokwenda kupima upande wa pili, kwenye soketi ya kompyuta, testa ikasoma karibu vilevile. Maana yake waya nao mzima! Fyuzi nzima, koili nzima, waya mzima, na taa inawaka. Mpwa akasema basi ni kompyuta. Giza likaingia. Tukalala gesti ya jirani, mbu wanapokezana zamu, na mshikaji anageukageuka kitandani mpaka alfajiri. Kompyuta nayo ni laki kadhaa.

Asubuhi ya Jumamosi tulimkuta mzee ameshafika, ameshika balbu ya breki. Balbu ya kawaida ya wati 21, amelehemu waya mbili kwenye makalio yake.

"Jana nilimwuliza waya kwa upole," akasema. "Leo namwuliza kwa kazi."

Akachomoa soketi pande zote mbili ili asiichome kompyuta. Akachukua umeme wa betri, akaupitisha kwenye fyuzi, akauingiza kwenye waya mmoja upande wa kompyuta. Kule nyuma kwenye difu akaweka balbu, mguu mmoja kwenye waya, mwingine ethi. Balbu ikawaka nyeupe, inaumiza macho. Akahamia waya wa pili.

Balbu ikawaka nyekundu, hafifu, kama sigara ya mlinzi usiku. Kisha akaushika mkupuo wa waya kule chini, akaukunja kidogo pale mkono wa bushi unapochezea. Balbu ikazimika kabisa!

Hapo ndipo mzee alipotoa mhadhara wake, na mimi nauleta kwako kama ulivyo. Waya wa gari si uzi mmoja, ni nyuzi nyingi nyembamba za shaba zilizosokotwa. Nyuzi hizo zikikatika zote ikabaki moja au mbili, testa itakwambia waya mzima, kwa sababu testa inapitisha umeme kiduchu mno, na kiduchu kinapita hata kwenye uzi mmoja. Lakini balbu ya wati 21 kwenye betri ya volti 12 inakula karibu ampea mbili. Mzigo huo uzi mmoja hauubebi. Na koili nayo inataka mzigo, haitaki salamu.

"Mtu mgonjwa ukimkuta amekaa, ukimwuliza hujambo, atakwambia sijambo," mzee akasema. "Mpe ndoo ya maji apandishe mlima. Ndipo utajua."

Baada ya hapo kulikuwa na kazi ya vidole tu. Akaufuata waya nchi kwa nchi, anaubonyeza kama anapima mapigo ya moyo. Karibu na mkono wa nyuma akakuta klipu ya kushikilia waya imevunjika, na aliyebadilisha bushi amefunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mpira umelegea, waya umening'inia, na kila tuta unasuguana na ukingo wa chuma. Kwa nje ganda lilikuwa na mchubuko mdogo tu, usingeuona bila kuambiwa. Mzee akalichana. Ndani, badala ya shaba nyekundu, tukakuta unga wa kijani. Maji ya mvua yalishaingia na kuila shaba. Katika nyuzi zote zilibaki mbili.

Alikata waya pande zote mpaka alipokuta shaba inayong'aa. Akaunga kipande kipya cha unene uleule, akalehemu kwa risasi, akavisha mpira unaojibana kwa moto, akazungushia tepu nyeusi. Akaufunga mbali na ule ukingo, lakini akaachia ulegevu kidogo kwa sababu sehemu ile inapanda na kushuka. Soketi akaisafisha, akaipaka grisi. Akarudisha balbu kwenye waya uleule: nyeupe, inaumiza macho, ukunje usikunje. Mpwa akafuta kumbukumbu ya hitilafu kwa mashine, taa ikazimika.

"Elfu arobaini," mzee akasema.

Mshikaji akatoa hamsini, akakataa chenji. Mzee naye akampa kile kipande cha waya kilichooza. "Kaa nacho. Siku nyingine ukiambiwa difu limekufa, mwoneshe huyo anayekwambia."

SASA TUPANDE

Saa kumi jioni tukakata kulia, tukaanza mlima. Barabara imebanwa kati ya jabali na korongo, inajikunja kama nyoka aliyeshiba, na kila kona unakutana na Fuso limejaa matenga ya mboga linateremka kuwahi masoko ya Dar. Ukifika Soni, chungulia maporomoko ya maji kando ya njia, halafu funga vioo, maana baridi ndipo inapoanzia. Lushoto tukalala. Mji mtulivu, miti mirefu, watu wa salamu nyingi. Blanketi mbili na bado nilijikunyata.

Jumapili alfajiri mvua ilikuwa inamwaga. Tukapita msitu wa Magamba, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na mbega wanaruka juu ya miti na mikia yao myeupe. Lami ilipokwisha tukakutana na udongo mwekundu, ule ambao ukilowa unakuwa sabuni. Karibu na Lukozi, kwenye mashamba ya kabichi na viazi yaliyobandikwa ubavuni mwa mlima kama viraka, Fuso lilikuwa limelala pembeni na vijana wanalisukuma.

Mbele yake kilima. Mshikaji akabonyeza LOCK, akashika usukani kwa mikono miwili, akapanda. Katikati ya kilima matairi ya mbele yakaanza kuzunguka bure. Pua ikaanza kwenda kushoto, kule kwenye bonde. Mimi nikawa nimeshafungua mdomo niseme kitu, sijui hata kitu gani...

Na hapo nyuma ikakamata. Unaisikia kabisa mgongoni, kama mtu amekusukuma kwa kiganja. Gari likanyooka, likatambaa polepole mpaka juu. Dashibodi kimya, hakuna taa hata moja ya njano. Mshikaji hakusema kitu, aligusa tu mfuko wa shati, mlimokuwa na kile kipande cha waya.

Mama tulimkuta kibarazani, amejifunga kanga mbili na koti la marehemu mzee wake, kifurushi kiko miguuni. "Mmechelewa," akasema akielekeza uso upande ambao hatukuwapo. "Nikasema labda wamepitia disko."

Tukamshusha taratibu. Mchana tukapita tena Mombo, tukakunja kulia kwenda Moshi, kupitia Mkomazi, Hedaru na Same. Bahasha iko chini ya kiti, imepungua elfu hamsini tu na pesa ya gesti. Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali. Jicho la kulia likafanyiwa kazi wiki ileile, na siku bandeji ilipotoka neno lake la kwanza kwa mwanawe lilikuwa hili: "Kumbe siku hizi una kipara?"

UKITAKA KWENDA NA WEWE

Usambara nenda, tena kama unaweza nenda wakati wa kiangazi, barabara zinakuwa rafiki. Irente kuna ukingo wa jabali ambao ukisimama unaona nyumba kule chini kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, na hauko mbali na Lushoto mjini. Mtae ni mbali zaidi, ila hutasahau. Chukua sweta, chukua pesa taslimu, jifunze kusalimia wazee.

Kama unakwenda na fowili, ijaribu kabla hujatoka mjini, si kwenye tope la kwanza. Hakikisha matairi manne ni saizi moja na yamelika sawasawa, maana tairi moja likiwa dogo kompyuta inadhani linateleza. Kila ukitoka gereji waliposhika sehemu za chini, chungulia klipu za waya kama ziko zote. Mpira wa baiskeli si klipu!

Na taa ikiwaka, fundi akakwambia bei kabla hajakuuliza swali hata moja, mshukuru, mwage, tafuta mwingine. Muulize huyo wa pili: umepima koili? Umepima waya? Umeupima ukiwa na mzigo au umeusalimia tu? Kama hana jibu, funga boneti yako uondoke. Kuna watu mjini humu wamebadilisha difu mbili na taa bado inawakonyeza, kwa sababu ya waya wa bei ya soda.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nakupeleka kwingine, tena kwa basi. Mpaka hapo, pima kabla hujanunua. Alamsiki!